Mwezi Chini ya Nyayo: Kutua Mwezini na Roketi za Ngomeni katika Kumbukumbu ya Mtoto wa Mvuvi



Desturi ya mhadhara wa uprofesa ni msomi kueleza njia aliyopita katika taaluma yake. Njia yangu haikuanzia maabara. Ilianzia barazani kwa mwenye duka, kijijini kwetu Ngomeni, pwani ya Kenya, usiku wa Jumapili tarehe 20 Julai 1969, nikiwa na umri wa miaka minane.

Kusi ilikuwa ikivuma kwa nguvu. Vyombo vingi vilikuwa vimepandishwa pwani, na wavuvi waliokosa kazi walikuwa wameketi kuizunguka redio ya betri. Nchi ilikuwa na majonzi. Tom Mboya alikuwa ameuawa Nairobi tarehe 5 mwezi huohuo, na redio ile tulikuwa tumeizoea kwa habari za msiba. Usiku huo ilileta habari za namna nyingine: Wamarekani wawili, Neil Armstrong na Buzz Aldrin, walikuwa wakishuka kwenye mwezi, mahali panapoitwa Bahari ya Utulivu.

Mzee mmoja akauliza bahari hiyo ina samaki gani. Akaambiwa haina hata tone la maji.

“Basi wamefika maji yamekupwa,” akasema, na baraza zima likacheka.

Baba yangu hakucheka. Kilichomshika yeye ni jambo ambalo redio ililitaja na kulipita: kwamba mtu wa tatu, Michael Collins, alibaki peke yake katika chombo kikubwa akiuzunguka mwezi, akiwangoja wenzake. Kwetu, wawili wakipiga mbizi, mmoja hubaki kushika chombo. Akizembea, mkondo unakichukua na walio majini wameangamia. Baba akaniambia, “Wanawasifu walioshuka. Mimi namwangalia huyo aliyebaki.” Nikaenda kulala na maneno hayo.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimejifunza kukokotoa mahali pa mwezi angani kwa saa yoyote, niliufanyia hesabu usiku ule. Hapo ndipo nilipokutana na jambo ambalo hakuna aliyeliona pale barazani.

Kwa kalenda yetu ya pwani, ulikuwa mwezi wa mfungo nane, mchanga wa siku tano au sita, haujafika nusu. Chombo cha Eagle, walichoshukia Armstrong na Aldrin, kilitua saa tano na dakika 17 usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Wakati huohuo, kwa mtu aliyesimama pwani ya Kenya, mwezi ulikuwa umelala kabisa upande wa magharibi, juu ya minazi, ukikaribia kuzama. Yaani walitua huku mwezi ukituaga. Kisha Armstrong akashuka ngazi na kuukanyaga mchanga saa kumi na moja na dakika 56 alfajiri ya Jumatatu, wakati waumini wanatoka msikitini. Kufikia hapo dunia ilikuwa imezunguka, na mwezi ulikuwa upande wa pili kabisa, karibu wima chini ya nyayo zetu. Picha za hatua ile zilipokewa na antena kubwa za Australia na California, kwa sababu huko ndiko mwezi ulikoonekana. Kama mtoto wa Ngomeni angetaka kuwaonyesha wenzake kwa kidole mahali alipo Armstrong, ingembidi aelekeze kidole ardhini.

Nimelitumia jambo hili darasani kila mwaka. Wanafunzi huinama na kutazama sakafu, kisha wakatabasamu. Hapo najua wameelewa kwamba anga haliko juu. Anga liko pande zote, na pande hizo zina hesabu yake.

Na anga hilo lilikuwa limetupitia kabla ya 1969. Mwanzoni mwa miaka ya sitini, Wamarekani walipokuwa wakijiandaa kumrusha mtu kuizunguka dunia, walihitaji vituo vya kusikiliza chombo chake kila kilipopita. Kimoja walikijenga Tunguu, Unguja. Tarehe 20 Februari 1962 John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, sauti yake ilisikika Tunguu. Katika mzunguko wa kwanza alipita wakati wa machweo, akaendelea juu ya Bahari ya Hindi na kuliona jua likizama upesi kuliko alivyopata kuliona binadamu yeyote aliyekaa chini. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kituo kilifungwa, mitambo ikaondolewa.

Hadithi yangu mimi, hata hivyo, iko upande wa huku. Wageni wa Ngomeni walikuwa Waitaliano, wakiongozwa na mhandisi Luigi Broglio. Walisimamisha majukwaa ya chuma baharini: San Marco, la kurushia roketi, na Santa Rita, la kuongozea, yakiunganishwa kwa nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Roketi zenyewe zilikuwa za Kimarekani, aina ya Scout, zenye ngazi nne na mafuta makavu. Ya kwanza kurushwa hapo iliondoka tarehe 26 Aprili 1967.

Kwa nini watoke Roma na Washington waje kwetu? Jibu liko katika mwendo wa dunia. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, na mahali pake penye kasi kubwa zaidi ni kwenye ikweta: kama kilomita 1,670 kwa saa. Roketi iliyosimama jukwaani karibu na ikweta tayari imo mwendoni kabla ya kuwashwa. Ukiirusha mashariki, unaidokoa dunia nguvu yake bila malipo, kama baharia anayengoja mkondo umsaidie. Tena mashariki ya Ngomeni hakuna nyumba wala shamba, ni bahari tupu, kwa hiyo vipande vya roketi vinavyodondoka havimwangukii mtu. Ongeza hapo kwamba setilaiti inayozunguka karibu na ikweta huepa sehemu kubwa ya mionzi ya angani inayovuruga vipimo vya wanaastronomia. Mungu alikuwa ametupa bandari.

Mimi niliona roketi yangu ya kwanza Jumamosi tarehe 12 Desemba 1970. Ilikuwa Sikukuu ya Jamhuri, miaka saba tangu uhuru. Wavuvi walikuwa wametakiwa kukaa mbali na upande ule wa bahari, na kijiji kizima kilikuwa ufukweni, wengine na vyungu vya wali, kama watu waliokuja kutazama mashindano ya ngalawa. Tulingoja tangu asubuhi. Watoto tuliogelea, tukala, tukagombana, tukachoka. Jua lilikuwa limeshavuka utosi.

Kisha moto. Ulitoka mweupe chini ya kile kijiti kilichosimama jukwaani, na kijiti kikapanda bila sauti yoyote. Nilidhani nimeziba masikio. Baba akanishika bega na kuanza kuhesabu: moja, mbili, tatu. Nilijua hesabu hiyo. Ndiyo aliyonifundisha baharini kila umeme ulipopiga: unahesabu kutoka mwanga hadi ngurumo, na ukiona hesabu inapungua, unakunja tanga. Alipokaribia kumi na tano mlio ukafika, ukatupiga vifuani, watoto wadogo wakalia. Roketi yenyewe ilikuwa imeshakuwa nukta.

Sauti husafiri kilomita moja kwa sekunde tatu hivi. Kumi na tano ni kilomita tano. Baba hakujua kanuni hiyo kwa maandishi, lakini alikuwa amepima umbali wa jukwaa la San Marco kwa mdomo wake, mbele yangu, bila kifaa. Mtu akiniuliza niliingia fizikia lini, namtajia mchana ule.

Setilaiti iliyobebwa na roketi ile ilipewa jina la Kiswahili: Uhuru. Msimamizi wa mradi huo katika NASA, mhandisi Marjorie Townsend, alilichagua kwa heshima ya wenyeji na ya siku yenyewe. Ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, kulichunguza anga kwa mionzi ya eksirei. Mionzi hiyo haipenyi hewa yetu. Kabla ya hapo wanasayansi walirusha roketi ndogo zilizochungulia kwa dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa kazini zaidi ya miaka miwili. Ilipomaliza, orodha yake ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Kimoja kati ya hivyo nataka tukitazame. Kinaitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kimeshajulikana, lakini Uhuru iliona kwamba eksirei zake zinapepesa kwa kasi ya ajabu, kwa muda usiofika sekunde moja. Fikirini maana yake. Kitu hakiwezi kupepesa chote kwa pamoja kwa muda mfupi kuliko ule ambao mwanga huchukua kukivuka. Basi kitu hicho ni kidogo mno. Vipimo vya darubini vikaonyesha baadaye kwamba ni kizito mno, chenye uzito wa majua mengi. Kitu kidogo mno na kizito mno kina jina moja: shimo jeusi. Kilikuwa cha kwanza ambacho wanasayansi wengi walikubali kukiita hivyo. Riccardo Giacconi, aliyeliongoza kundi la watafiti wa Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Safari ya Uhuru ilianzia maji ya Ngomeni, na nilikuwapo ilipoanza, nikiwa na wali mdomoni.

Hapa ndipo ninapofika kwenye neno langu la leo. Roketi tisa za Scout zilifika angani kutoka San Marco, ya mwisho ikiwa ya tarehe 25 Machi 1988. Tulizitazama na tukazishangilia. Bandari ilikuwa yetu na jina lilikuwa letu. Lakini kuwa na bandari si kuwa nahodha. Hesabu ya njia, ya mafuta, ya pembe na ya sekunde iliandikwa na wengine, na roketi zilipokwisha ilibaki mikononi mwao.

Tarehe 15 Aprili 2023 Kenya ilirusha setilaiti yake ya kuchunguza ardhi, Taifa-1. Haikuondokea Ngomeni. Ilibebwa na roketi ya Falcon 9 kutoka Vandenberg, California. Niliwasikia watu wakilalamika: tuna ikweta, mbona tunakwenda kuazima uwanja? Nawaomba tusiwe wepesi wa kunung’unika. Setilaiti ya kupiga picha mashamba na misitu hupitishwa juu ya ncha za dunia ili iione nchi yote, na kwa njia hiyo kasi ya ikweta haikusaidii kitu. Safari moja hutaka bandari hii, nyingine hutaka ile. Atakayejua ipi ni yule aliyefanya hesabu. Na Taifa-1 ilisanifiwa na wahandisi wa Kenya. Kwangu mimi hilo ni kubwa kuliko uwanja wowote.

Wala msidhani hesabu hii ni ya wageni. Mzee wa pwani asiyejua kusoma atakwambia bamvua litaingia siku gani na maji mafu siku gani, kwa sababu anaujua mwezi. Aldrin na Armstrong waliacha kule kibao cha vioo, na mpaka leo wanasayansi hukipiga kwa leza na kungoja mwanga urudi, sekunde mbili na nusu. Kwa njia hiyo tunajua kwamba mwezi unatuondokea sentimita 3.8 kila mwaka. Kinachousukuma ni nini? Ni kujaa na kupwa kwa maji. Bahari ileile iliyokuwa ikipandisha ngalawa ya baba yangu ndiyo inayousogeza mwezi. Mvuvi alikuwa ameushika uzi kwa huku, na mwenye leza kwa kule.

Baba alifariki akiwa mzee sana. Katika mwaka wake wa mwisho, macho yakiwa yamefifia, aliniuliza swali alilokuwa amelibeba tangu baraza lile.

“Yule aliyebaki chomboni, naye alishuka lini?”

Nikamjibu, “Hakushuka, baba. Hakuwahi kuukanyaga mwezi maisha yake yote. Na kila alipopita nyuma yake redio ilikatika, akawa hasikii mtu yeyote.”

Alinyamaza kitambo. “Lakini waliporudi walimkuta,” akasema.

“Walimkuta.”

“Alikuwa na hesabu yake,” akasema baba, na akaomba maji ya kunywa.