Weka Filimbi Mfukoni

Mwalimu huyu wa mazoezi ya viungo alizungumza na viongozi wa klabu za jogging na makapteni wa netiboli mjini Morogoro. Tumeyaweka maneno yake karibu kama alivyoyasema, kwa ajili yako ambaye hukuwepo.

Kaeni mnavyopenda. Kwenye kiti, chini, karibu na mlango, poa tu. Baadaye nitawaambia kwa nini nimeanza hivyo.

Na wewe utakayesoma maneno haya, usiseme hayakuhusu kwa sababu hufundishi mtu mazoezi. Huenda unakimbia mstari mmoja na mtu ambaye hujui amebeba nini.

Nianze na kosa langu. Niliishi Atlanta, Marekani, kwa miaka minne, nikifundisha mazoezi katika ukumbi mmoja wa kawaida. Nilifundisha vile nilivyofundishwa hapa nyumbani. Si mnaujua mchakamchaka? Filimbi shingoni, sauti juu, anayelegea anasukumwa. Watu walinipenda, wakasema huyu dada ni moto.

Siku moja akaja mama mmoja, umri kama miaka 45. Alikuwa imara kuliko wasichana wote mle ndani. Tukawa tunachuchumaa na kuinuka. Nikaona mgongo wake haujakaa sawa, nikaenda nyuma yake, nikamshika kiuno ili nimrekebishe. Sikumwambia kitu, nilimshika tu.

Akaganda. Macho yamekaza, jasho linamtoka, haongei. Halafu akachukua mkoba wake, akatoka. Unajua nilifikiri nini? Nilifikiri ana maringo.

Baada ya wiki mbili akarudi, kabla darasa halijaanza. Akasimama mlangoni akaniambia: “Nilikuwa askari. Niliumizwa jeshini na mtu niliyekuwa nampigia saluti. Sikuja kukulaumu. Nauliza kama naweza kukaa karibu na mlango, na usinishike.”

Basi. Mlango na mikono yangu, hayo tu ndiyo aliyoomba. Na mimi kwa filimbi yangu nilikuwa nimemrudisha kulekule alikotoka.

SI YEYE PEKE YAKE

Nikaanza kuuliza na kusoma. Mwaka 1991 marubani wa jeshi la majini la Marekani walikutana hotelini Las Vegas. Wizara ya Ulinzi ilipochunguza, ilihesabu wanawake 83 na wanaume 7 walioshambuliwa kingono pale. Kelele zikawa kubwa. Mwaka 1992 Bunge lao likapitisha sheria ya kuiruhusu Idara ya Maveterani, yaani idara inayowahudumia askari wastaafu, itoe ushauri nasaha kwa wanawake walioumizwa kingono wakiwa jeshini. Baadaye wanaume nao wakaingizwa.

Leo idara hiyo inamuuliza kila anayekuja kutibiwa kwake kama yalimpata. Kati ya wanawake wanaoulizwa, 1 kati ya 3 hujibu ndiyo: walibakwa, walishikwashikwa, au walisumbuliwa kingono kwa vitisho. Kwa wanaume ni 1 kati ya 50. Usicheke, kaka. Jeshini wanaume ni wengi, kwa hiyo hao nao ni maelfu kwa maelfu. Matibabu ya madhara hayo ni bure, hata kama mtu hakuripoti wakati ule.

Na wengi hawakuripoti. Fikiria mwenyewe. Aliyekuumiza ndiye mkubwa wako, au mnalala kambi moja. Kesho asubuhi mnakimbia pamoja, yeye anahesabu moja, mbili, na wewe unaitikia. Utamwambia nani?

KWA NINI MWILI UNAGANDA

Sasa sikia, maana hapa ndipo wengi tunakosea.

Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo inayofanya kazi kama king'ora. Ikiona hatari, mwili unajiandaa kupigana au kukimbia. Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka. Kama huwezi kupigana wala kukimbia, mwili unaweza kuganda, na mtu akashindwa hata kupiga kelele. Kuganda siyo kukubali. Nairudia kwa ajili ya wale walioko nyuma: mtu akiganda, hajakubali.

Hatari ikipita, kwa watu wengi king'ora kinanyamaza. Kwa wengine kinabaki kikilia miezi, hata miaka. Hicho ndicho kiwewe. Hapati usingizi, anashtuka hovyo, anakwepa watu na mahali, au anajiona kama hayumo ndani ya mwili wake.

Sasa mazoezi yanafanya nini? Moyo unakwenda mbio, pumzi inakuwa fupi, jasho linatoka. Umeona? Ni dalili zilezile! Mwili wake haujui kama huu ni mchezo au ni usiku ule. Ongeza filimbi, amri, mikono inayotokea nyuma na mlango uliofungwa. Kwa askari yule hayo yalikuwa kambi nzima imerudi.

Ndiyo maana ukimwambia tu “fanya mazoezi utasahau”, unaweza kumfukuza kabisa. Halafu anakosa kitu ambacho kingemsaidia.

MAZOEZI YENYE RUHUSA

Kuna namna nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mwalimu mmoja wa yoga, David Emerson, na wenzake huko Massachusetts walianza kutengeneza yoga kwa ajili ya watu wenye kiwewe. Najua wapo watakaouliza, “Mwalimu, yoga si mambo ya dini?” Katika madarasa haya hakuna kuimba wala sala. Ni kunyoosha viungo, kupumua, na kusikiliza mwili. Kama jina linakukwaza, liache, chukua kazi yenyewe.

Mwalimu haamrishi. Anasema, “Ukipenda, inua mkono. Unaweza kuuinua kidogo au sana. Unaweza kuuacha.” Hamshiki mtu. Hazunguki nyuma ya watu, anabaki mahali anapoonekana na kufanya pamoja nao. Hamuulizi mtu yaliyompata. Kila mara anawakumbusha: unahisi nini mguuni sasa hivi? Na ukishahisi, unataka kufanya nini?

Inaonekana kama kitu kidogo, sivyo? Lakini angalia. Aliyebakwa alinyang'anywa uamuzi juu ya mwili wake. Hapa anarudishiwa kidogokidogo, kwa mkono, kwa goti, kwa pumzi moja.

Je, inasaidia kweli, au ni maneno matamu tu? Mwaka 2014 yalitolewa matokeo ya utafiti wa wanawake 64 huko Massachusetts, ambao kiwewe chao kilikuwa hakijapona kwa tiba walizojaribu. Kundi moja lilifanya yoga hii saa moja kwa wiki, wiki 10. Jingine lilipewa masomo ya afya. Mwishoni, katika kundi la yoga, wanawake 16 kati ya 31 hawakuhesabiwa tena kuwa wana ugonjwa huo. Katika kundi la masomo walikuwa 6 kati ya 29.

Halafu Desemba 2023 yakatoka matokeo ya askari wastaafu wenyewe. Walikuwa wanawake 131 kutoka Atlanta na Portland, wote waliumizwa kingono jeshini, wengi wao Wamarekani weusi. Wengine walipewa yoga hii kwa wiki 10. Wengine walipewa tiba ya kuongea, ya kuchambua mawazo, kwa wiki 12, na hiyo ni moja ya tiba zinazoaminika sana. Makundi yote mawili yalipata nafuu, na nafuu yao ililingana. Ila waliomaliza walikuwa wengi zaidi upande wa yoga. Dawa nzuri usiyoweza kuimaliza itakusaidiaje?

Msinielewe vibaya. Sisemi daktari aachwe. Mwenye kiwewe anahitaji mtu aliyesomea kazi hiyo, na wapo ambao mazoezi yatawasumbua mwanzoni. Wewe kapteni si mganga wake. Kazi yako ni kutomwongezea kidonda.

WEWE UFANYE NINI?

Huwezi kujua nani kaumizwa, na usiulize. Fanya hivi kwa wote:

• Sema mapema mtafanya nini na mtamaliza saa ngapi. Mwenye king'ora kichwani hapendi kushtukizwa.
• Usimshike mtu bila kumuuliza. Akisema hapana, isiwe kesi. Onyesha kwa mwili wako mwenyewe.
• Acha mlango wazi, na acha mtu achague mahali pa kusimama.
• Mtu akipumzika, usimtangaze mbele za watu. Na usimwadhibu kwa kumzungusha uwanja.
• Akiganda, simama mbele yake, mbali kidogo. Mwite jina kwa sauti ya kawaida. Mwambie yuko wapi na wewe ni nani. Muulize kama anataka kukaa, maji, au kutoka. Asikilizwe, asizungukwe.
• Akikuambia siri yake, usiipeleke kijiweni. Mwambie, “Nakuamini. Si kosa lako.” Halafu muulize kama angependa msaada.

Filimbi? Iweke mfukoni. Itumie kwenye mechi.

KAMA YAMEKUPATA WEWE

Rafiki, kama imetokea hivi karibuni, nenda hospitali haraka, hata kama umeoga. Dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na mapema ndiyo bora. Kwa msichana, vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutumika ndani ya saa 120. Polisi wana Dawati la Jinsia na Watoto. Kwa Tanzania mtoto au mtu anayemtetea anaweza kupiga 116 bure. Walioko Kenya wapige 1195. Kama ni ya zamani, bado hujachelewa. Wale akina mama wa Atlanta, wengine walianza kutibiwa miaka mingi baada ya kuvua magwanda.

Mtaniuliza, yule mama je? Alirudi. Alikaa karibu na mlango miezi kadhaa, na mimi nilijifunza kuongea upya, maana “ukipenda” ilikuwa haitoki mdomoni mwangu. Siku moja nikasema, “Mnaweza kuinua mikono.” Darasa zima likainua. Yeye akaniangalia usoni akasema, “Mimi leo siinui.” Nikasema sawa, tukaendelea. Akabaki amekaa hapohapo, mikono mapajani, mpaka mwisho wa darasa.

Baadaye akaniambia ile ilikuwa mara ya kwanza, tangu jeshini, kumkatalia mtu anayeongoza mbele yake, na kisha asipatwe na lolote.

Ndiyo maana leo nimewaambia mkae mnavyopenda. Haya, sasa tunyooshe viungo kidogo. Anayependa asimame. Asiyependa, akae.