Chungu wa Kwenye Picha: Maji Moto au Mgeni?

Leo nazungumza nanyi juu ya chungu wa mashambani, na nitaanza kwa kukiri kosa, kwa sababu mkosaji ni mimi mwenyewe.

Kuna mzee mmoja wa upande wa Kaskazini Unguja, ana shamba la minazi la urithi. Minazi yake ilikuwa ikipukutisha vidaka. Mjukuu wake akawapiga picha kwa simu chungu waliokuwa wakipanda na kushuka kwenye shina la mnazi, akatuletea pamoja na swali fupi: "Babu anauliza, hawa ni maji moto?"

Nikaitazama. Nikamwona chungu mwembamba, miguu mirefu, rangi ya manjano inayoelekea hudhurungi. Picha ilikuwa imepigwa kutoka juu, tena ina ukungu. Lakini siku ile nilikuwa na haraka, nikajibu pale pale: ndio, ni maji moto, mwambie babu ana bahati, asiwaguse.

Mzee akanitii. Aliwazuia vijana wasimwage mafuta ya taa kwenye mashina, akangoja. Akaangua mara ya kwanza, akaangua mara ya pili, nazi zinapungua na vidaka vinadondoka vile vile. Siku moja akaja mwenyewe, mkononi ana kichupa cha dawa ya kikohozi, ndani kuna spiriti na chungu wameelea. Nikamkaribisha kiti, hakuketi. Akasema, "Mwanangu, hawa maji moto wako, tangu uliponijibu, hawajashona hata jani moja."

Basi hapo nikajua nimekosa, hata kabla ya kukifungua kile kichupa.

Wengi wenu mnawajua maji moto. Mkwezi yeyote atakwambia, tena kwa hasira, maana akifika kileleni wanampokea kwa meno, na wakishauma humwaga asidi palepale penye kidonda, ndiyo maana mtu huhisi kama kamwagiwa maji ya moto. Chungu huyu hujenga juu ya miti. Wafanyakazi huyavuta majani mpaka yakutane, kisha wengine huwashika watoto wao wachanga, wale weupe, kwa mataya, wakawapitisha huku na huku kama fundi anavyopitisha sindano. Watoto wale hutoa uzi wa hariri, na jani likagandana na jani. Chungu mwingine wa kushona namna hiyo hatuna huku kwetu. Kwa hiyo yule mzee, asiyewahi kusoma kitabu cha wadudu, alitumia kipimo kilicho bora kuliko changu mimi niliyetazama picha tu.

Sasa, mkulima atauliza, kuna hasara gani tukiwakosea jina? Hasara ni vidaka. Kuna kunguni wa minazi, mdudu wa rangi ya hudhurungi, urefu wake kama sentimita moja na nusu hivi, ambaye hukaa kwenye makole na kuzifyonza nazi changa. Mate yake yana sumu. Pale alipochoma, ngozi ya kidaka hufa, ikabonyea, na utomvu ukatoka ukaganda. Vidaka vingi hudondoka. Vile vinavyonusurika huwa nazi zenye makovu, ndogo, zisizo na umbo. Na wadudu wenyewe hawahitaji kuwa wengi, wachache tu kwenye mnazi mmoja wanatosha kukutia hasara. Hapa nikumbushe: kila mnazi huangusha baadhi ya vidaka kwa desturi yake. Kabla hujamlaumu mdudu, viokote vilivyodondoka, uvitazame. Kama huoni kovu wala utomvu, tafuta sababu nyingine.

Maji moto ndiye adui mkubwa wa kunguni huyu. Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Unguja mwanzoni mwa miaka ya 1950 na mtaalamu aliyeitwa M. J. Way, na mwaka 1955 kunguni yule alipopewa jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, ilikuwa ni kwa kumkumbuka bwana huyo. Minazi iliyoshikwa vizuri na maji moto huzaa. Minazi iliyoshikwa na chungu wa aina nyingine mara nyingi hubaki bila mlinzi. Kwenye mikorosho pia maji moto hufanya kazi hiyo hiyo, humzuia kunguni huyu pamoja na mbu wa mikorosho. Kwenye mikarafuu, sitawaficha, habari ni tofauti kidogo, maana huko maji moto huwafuga wadudu gamba kwa ajili ya utamu wao, na wachumaji karafuu hawawapendi hata kidogo.

Haya, turudi kwenye kichupa. Nikawamwaga wale chungu juu ya karatasi nyeupe, nikachukua kioo cha kukuzia. Hawakuwa maji moto. Walikuwa chungu wa manjano wenye mbio, kwa jina la kitaalamu Anoplolepis gracilipes. Huyu si wa huku. Husafiri na meli na mizigo, na visiwa vingi vya Bahari ya Hindi vinamjua. Kule kisiwa cha Christmas, kilicho chini ya Australia, katika miaka ya 1990 waliongezeka mpaka wakaua kaa wekundu wa nchi kavu kwa mamilioni. Hapa kwetu hawajafanya makubwa kama hayo. Lakini hawapatani na maji moto. Wakilishika eneo hupigana nao na kuwafukuza. Kwa hiyo mimi nilimwambia mzee awalinde wale waliokuwa wakimfukuzia mlinzi wake.

Nitawaelezeni namna ya kuwatofautisha, maana kwenye picha ya haraka wanafanana kama ndugu.

Kwanza ni kimo. Maji moto hawalingani. Wale wakubwa wanaozunguka nje hukaribia milimita 8, yaani hulingana na punje ndefu ya mchele au huipita kidogo. Wadogo ni kama nusu yao, na wengi wao hukaa ndani wakilea watoto. Chungu wa manjano wote wana kimo kimoja, milimita 4 mpaka 5, hawaifikii punje ya mchele. Tatizo la picha ni kwamba haikwambii kimo. Chungu wa milimita 4 akijaza kioo cha simu huonekana mkubwa kama panzi! Kwa hiyo weka kitu pembeni yake, punje ya mchele au kichwa cha njiti ya kiberiti, ndipo upige.

Pili ni kiuno. Hapa ndipo picha ya kutoka juu inaponyima habari. Chungu wote wana kiuno kilichobana kati ya kifua na tumbo, na kwenye kiuno hicho kuna kifundo kimoja au viwili. Maji moto ana kimoja, kirefu, cha chini, mfano wa mrija mwembamba. Chungu wa manjano naye ana kimoja, lakini ni kifupi na kimesimama wima kama kinundu. Ukipiga picha kutoka ubavuni utaona tofauti hiyo waziwazi. Ukipiga kutoka juu, huoni kitu, hata ukitumia simu ya bei kubwa namna gani.

Tatu ni tabia. Ukimkaribia maji moto na kidole, hakimbii. Husimama, hufungua mataya na kuinua tumbo juu, kama anayekwambia njoo. Chungu wa manjano hukimbia huku na huku bila njia maalum, kama mtu aliyepotelewa na fedha sokoni. Tena nyumba yake iko chini, kwenye udongo, chini ya makuti na vifuu vilivyooza, si juu kwenye majani.

Huyo ni mmoja. Yupo mwingine tunayempata mara nyingi zaidi, naye anadharauliwa kwa udogo wake: sisimizi wa hudhurungi wenye vichwa vikubwa. Mfanyakazi wa kawaida ana milimita 2 tu, lakini katikati ya msafara utaona askari wachache wenye vichwa vikubwa visivyolingana na miili yao. Kiuno chake kina vifundo viwili. Hukaa kwenye udongo chini ya shina la mnazi, na utaona vumbi la udongo limerundikwa pale kwenye mizizi. Huyu ndiye mpinzani mkubwa wa maji moto katika minazi ya pwani, na kunguni hamzuii. Ukimpiga picha, piga pamoja na shina na ule udongo, maana yeye mwenyewe kwenye picha huwa doa tu.

Kuna picha nyingine zilizotufikia zikatuchekesha. Moja ilikuwa ya "maji moto mwenye manyoya usoni". Tulipohesabu miguu tukakuta minane. Alikuwa buibui! Wako buibui wanaojifananisha na maji moto kwa umbo na rangi, huishi karibu nao, na huinua miguu ya mbele ionekane kama papasi. Chungu ana miguu sita, basi. Nyingine ilikuwa ya mchwa, na mchwa si chungu kabisa: kiuno chake ni kinene, na papasi zake zimenyooka kama uzi wa shanga, ambapo papasi za chungu zina kiwiko. Na wale wanaoona kichuguu cheusi kama mpira kwenye tawi, kigumu mithili ya karatasi iliyokauka, wasidhani ni maji moto. Ni chungu wengine wenye tumbo la umbo la kopa, wanaopenda kulibenua juu.

Sasa juu ya kupiga picha. Chungu hatulii, nanyi mnajua. Njia rahisi ni kuweka tone la asali au maji ya sukari kwenye jani au kwenye ganda la mnazi. Akianza kunywa atasimama, nawe utapata nafasi. Piga asubuhi jua likiwa limetoka lakini si kali, usiusogeze mkono, na usisogeze simu karibu mno mpaka picha ikaingia ukungu; afadhali awe mdogo na wazi kuliko mkubwa na wa kufifia. Picha moja ya ubavuni, na punje ya mchele pembeni. Picha ya pili ya nyumba yake au njia anayopita. Kama kuna kitu anachokishughulikia, iwe wadudu gamba au kidaka, hiyo nayo utupatie. Kisha andika kwa maneno yako: ameonekana mti gani, mahali gani, lini, na je, yuko juu au chini.

Na ukiweza, fanya kama yule mzee. Tia chungu watano au sita katika kichupa cha spiriti, wakubwa kwa wadogo, umpelekee bwana shamba. Picha inamwonyesha chungu upande mmoja. Kwenye kichupa tunaweza kumgeuza.

Wengine watauliza, tukishajua si maji moto tufanyeje? Msikimbilie kupuliza dawa, kwa sababu dawa haichagui. Itawamaliza na maji moto wachache waliosalia. Jambo moja ambalo mkulima anaweza kulifanya bila gharama ni kuacha kupalilia shamba la minazi mpaka likawa jeupe. Utafiti uliofanyika Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa majani yakiachwa chini ya miti, maji moto huweza kustahimili mbele ya wale sisimizi wenye vichwa vikubwa. Ardhi ikiwa tupu, sisimizi hupata nguvu. Fyeka, usikwangue. Miti ya majani mapana katikati ya minazi, kama michungwa na mipera, nayo huwapa maji moto pa kushona.

Ukitaka kuwahamisha maji moto, kata matawi yenye viota alfajiri au jioni wakiwa wamelala ndani, uyatie guniani, mikono umeipaka majivu. Viota vyote vitoke katika jamii moja. Ukichanganya jamii mbili watauana mbele ya macho yako, na kazi itakuwa ya bure. Kisha funga kamba kutoka mti hadi mti, wapate kupita juu bila kukanyaga chini kwa adui.

Yule mzee alifanya hivyo kwenye minazi sita iliyo karibu na mpera, upande ambao chungu wa manjano hawajafika. Juzi mjukuu amenipelekea picha nyingine. Safari hii imepigwa ubavuni, punje ya mchele ipo, na nyuma yake kuna majani mawili ya mpera yameshikana kwa uzi mweupe. Kwa ile minazi mingine bado tunahangaika naye, na mkwezi wake amekwisha kutangaza kuwa kwa ile sita atapandisha bei.