Kikohozi Kisichosikia Dawa



Mimi ni mtu wa mafaili, si daktari. Nasimama kwa ajili ya marehemu kaka yangu. Alikohoa tangu masika. Zahanati moja ikampa dawa za kifua kikuu za miezi 6, ingawa makohozi hayakuonyesha vijidudu. Akazimaliza zote. Alipopanda Lyamba lya Mfipa kwenda Sumbawanga kupigwa eksirei, kisha akafika Ocean Road, Dar es Salaam, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, saratani ya mapafu ilikwisha kuenea. Tulimzika hapa Muze.

Takwimu za 2010 hadi 2014 zaonyesha kuwa katika nchi nyingi ni wagonjwa 10 hadi 20 tu kati ya 100 wanaoishi miaka 5 tangu wagunduliwe. Wenye nafasi kubwa ni wale wanaopasuliwa uvimbe ungali mdogo. Mganga simlaumu sana, maana kifua kikuu ndicho kingi huku. Lakini dawa zisipofaa, ombeni eksirei mapema, msingoje dozi iishe.

Chanzo kikubwa ni sigara. Kaka alianza kidato cha pili, nyuma ya bweni. Naona wanaocheka pale wanapajua.