Aliyerudi Apewe Ng'ombe wa Kukamwa

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wageni, Kinna, kaunti ya Isiolo)



Twajua kuwa wengine mmeacha mifugo mikononi mwa watoto, na wengine mmetoka Garba Tulla na Rapsu kwa pikipiki, vumbi lingali nguoni. Hatutawaweka sana.

Tumekuja kusema habari za binti zetu wanaorudi kutoka Uarabuni. Chama kimezoea kusema na wale wanaokwenda. Jihadhari na wakala, soma mkataba, weka nakala ya pasi yako kwa mama yako. Maneno hayo ni mema, na tutaendelea kuyasema. Lakini yule aliyekwisha kwenda, akafanya kazi miaka miwili, akarudi, nani humwambia neno? Anashuka garini, watu wa nyumbani wanalia kwa furaha, chai inapikwa, mbuzi anachinjwa kama yupo. Baada ya wiki mbili hakuna amwulizaye jambo ila mwenye kumdai.

Kwa nini walikwenda, hapa hapana haja ya kueleza sana. Kutoka mwisho wa mwaka 2020 mpaka mwanzo wa 2023 mvua zilikosa misimu mitano mfululizo, na ninyi wenyewe mliziona ng'ombe zikilala zisiinuke. Nyumba iliyokosa maziwa ilitoa binti mmoja aende Riyadh au Jeddah kufanya kazi ya nyumbani kwa riyali kama 900 au 1,000 kwa mwezi. Hapa kwetu mtumishi wa nyumbani haoni mshahara wa namna hiyo. Kwa hiyo tusimcheke aliyekwenda, wala tusiseme alifuata anasa.

Huko alikokwenda kibali chake cha kukaa kimefungwa kwa tajiri wake. Mwezi wa Machi 2021 serikali ya Saudia ilirekebisha sheria ili wafanya kazi waweze kubadili tajiri na kusafiri kwa urahisi zaidi, lakini watumishi wa nyumbani hawakutiwa katika mabadiliko yale. Wako waliopata tajiri mwema, wakalipwa, wakarudi salama, nasi tumewaona. Wako pia waliorudi na mfuko wa nailoni mkononi.

Mwaka 2024 Wakenya walioko nchi za nje walileta nyumbani karibu dola bilioni 5. Fedha hizo husifiwa sana katika hotuba. Basi mtu akisifiwa wakati wa kuleta, asiwe mgeni wakati wa kurudi.

Mmoja alikuja kwetu mwaka jana. Hatutamtaja, na tafadhali msianze kukisia. Alidai mishahara ya miezi mitano, na siku ya kuondoka alitiwa kalamu mkononi atie sahihi karatasi ya Kiarabu asiyoweza kuisoma. Fedha alizokuwa akileta zilikuwa zimejenga nyumba ya mabati ya familia na kumnunulia kaka yake pikipiki. Pikipiki imekufa. Nyumba ipo, lakini haina chumba chake. Tulidhani atatuomba nauli au unga. Akauliza, "Nitafanya kazi gani hapa, nisirudi kule kule kwa tajiri mwingine?" Tulikaa kimya, kwa kuwa hatukuwa na jibu tayari, na ndiyo sababu ya mkutano huu.

Ndugu, Kinna si mahali pa kufundishwa habari za kurudi. Wazee walio mbele yetu wanaikumbuka Gaf Daba, vita vya Shifta, kutoka mwisho wa 1963 mpaka 1967. Watu wa Waso walikusanywa kwa lazima katika vijiji vyenye ulinzi, ngamia na mbuzi wakaangamia, na wengi wakakimbilia Somalia. Wakarudi kidogo kidogo, wengine hata baada ya serikali ya Somalia kuanguka mwaka 1991. Walipewa nini? Walipewa posho ya chakula. Tena Bunge likapitisha sheria mwaka 1970 iliyowafungia watu wa Isiolo na wilaya nyingine za kaskazini njia ya kudai mahakamani hasara walizopata wakati ule. Posho ilizuia kifo, hatuikatai. Lakini mtu hawezi kuoa kwa posho, wala kumpeleka mtoto shule kwa posho, na posho ikiisha anarudi kusimama katika foleni ileile.

Baadaye yakaanzishwa mashamba ya kumwagilia maji, Malka Daka na hapa kwetu pia, kwa ajili ya watu waliopoteza mifugo. Wataalamu walitaka wafugaji wawe wakulima. Wengi wenu mwajua lililotokea: mtu akiuza mahindi yake alinunua mbuzi, mbuzi wakizaa akanunua ndama, kisha huyo akarudi malishoni. Wataalamu waliona hayo kuwa hasara. Sisi twaona mtu yule alijua hesabu kuliko wao. Shamba lilikuwa ngazi, naye akapanda.

Na kabla ya serikali na wataalamu, Waborana walikuwa na busa gonofa. Mtu aliyepoteza mifugo kwa ukame au kwa maadui, ukoo hukaa, huchunguza habari zake, kisha humkusanyia wanyama aanze tena. Anapewa mnyama anayezaa, ili siku moja naye akae kwenye mkutano kama mtoaji. Hapo ndipo twataka chama chetu kijifunze. Binti aliyerudi amepoteza kundi lake. Kundi lenyewe lilikuwa miaka miwili ya jasho.

Basi twaweza nini? Kwanza karatasi. Asitupe karatasi hata moja. Mkataba wake wa Saudia kwa kawaida umeandikishwa katika mtambo wa serikali yao uitwao Musaned, na namba yake ni kitu cha thamani. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 yataka mkataba wa kazi ya nchi za nje uwe wa maandishi na uthibitishwe na afisa wa kazi. Ikiwa wakala wa hapa alimpeleka bila hayo, wakala ana la kujibu. Tena sheria hiyohiyo yatoa miaka 3 tu ya kufikisha madai ya mkataba wa kazi mahakamani. Wengi hukaa nyumbani kwa haya mpaka muda unapita. Ujumbe wa SMS wa tajiri, stakabadhi ya benki, hata picha ya kitambulisho cha kukaa kule, vyote vije. Chama cha KUDHEIHA ndicho kinachoandikisha watumishi wa nyumbani, na mlango wake hauko wazi kwa walioko Nairobi na Mombasa peke yao.

Deni ni jambo la pili, na hapa twasema na familia waziwazi. Aliyekopa kwa ajili ya safari alikopa kwa niaba ya nyumba nzima. Nyumba nzima ilipe.

Kazi ndiyo ngumu kuliko yote. Kumpa mtu mmoja shilingi elfu kumi na kumwambia afungue duka ni kumpa posho kwa jina lingine, kwa sababu jamaa watakopa sukari mpaka rafu ziwe tupu. Afadhali waliorudi wawe watano au sita pamoja, wenye kitabu na mweka hazina. Mjini Isiolo akina mama wa Anolei wana ushirika wa maziwa ya ngamia, na maziwa yao hufika Nairobi. Kinna ina maji, ina mashamba, na iko kwenye njia ya Maua. Hatujui bado biashara ipi itafaa. Wenye kujua ni wale watakaoifanya.

Wafilipino, ambao hukutana na binti zetu katika jikoni zilezile, wana mfuko wa serikali tangu 1977. Kwa kila mkataba hulipwa dola 25, na mwanachama akirudi aweza kuomba mkopo na mafunzo. Yaani kurudi kwake kumewekewa akiba kabla hajapanda ndege. Sisi tunaanza mwisho, baada ya ng'ombe kufa.

Na tuseme jambo moja kwa wanaume, nasi wenyewe tukiwamo. Maneno ya barazani juu ya binti aliyetoka Uarabuni, kwamba sijui aliishi vipi na sijui ana nini, yanawafukuza wengine kurudi kule hata kwa wakala mbaya. Mmoja alituambia kuwa huko alichoka mwili tu.

Halmashauri ya tawi yaomba idhini yenu kwa mambo mawili. Kila mwanachama atoe shilingi 50 kwa mwezi, kwa muda wa mwaka mmoja, katika mfuko wa waliorudi, ambao hautatoa chakula wala nauli, ila mtaji wa kikundi, na hesabu yake isomwe hapa mbele ya watu kila miezi mitatu. Tena waliorudi wachague wawili wao wakae katika halmashauri ya mfuko, wasiwe watu wa kujadiliwa wakiwa nje.

Kura itapigwa baada ya chai. Mwandishi atabaki mezani mpaka jioni kupokea karatasi za wenye madai, na mama mmoja wa tawi atakaa naye kwa wale wasiotaka kusema mbele ya wanaume.