Gemu na Vijana Wetu
(Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja mbele ya wanafunzi wa zamani na wa sasa, Chanji, Sumbawanga)



Nimeombwa nizungumzie gemu. Wengi wetu tunaiita uhuni. Mimi pia niliiita hivyo.

Mtoto wa marehemu kaka yangu anaishi kwangu. Baada ya msiba alinyamaza. Nyumbani hakuzungumza na mtu. Siku moja nikasikia kuwa fedha ya madaftari imeishia kwenye banda la gemu. Nikaenda na fimbo. Nilimkuta kwenye benchi na wenzake, pedi mkononi, wakishindana mpira, aliyefungwa anapisha. Alikuwa anacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka kwa miezi mingi. Aliponiona akasimama: "Shikamoo, Baba mdogo. Nisamehe fedha. Lakini hapa wananijua." Fimbo niliirudisha bila kuitumia.

Ndugu zangu, sisi tulikuwa na drafti ya vizibo vya soda. Tulishindana, tukataniana, tukawa ndugu. Kijana naye anatafuta hicho hicho. Tena wapo waliofika mbali: mwaka 2018 Sylvia Gathoni wa Kenya, mchezaji wa Tekken, alisajiliwa na timu ya kimataifa ya UYU, naye akiwa mwanafunzi wa sheria.

Lakini vijana, msidanganyike. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa gemu katika orodha yake ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni tatu: kwanza, kushindwa kujizuia, pili, kuitanguliza gemu mbele ya mambo mengine yote, tatu, kuendelea ingawa madhara yanaonekana. Kwa kawaida hali hiyo huwa imedumu miezi 12 au zaidi. Wanaopatwa ni wachache kati ya wachezaji, lakini nani ajuaye kuwa si yeye?

Basi tulikubaliana na mwanangu: fedha ya shule haiguswi, atacheza Jumamosi tu, kwa muda wa saa mbili, na wenzake aje nao nyumbani tule pamoja. Siku hizi kila Jumamosi sahani hazitoshi.

Wazazi wenzangu, kabla ya kushika fimbo tumuulize mtoto anafuata nini kule. Nanyi vijana, unayecheza naye, mjue hata umeme ukikatika.