Gazeti la Shule Lisimulie Jamii Kama Ilivyo

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na wanafunzi wa shule ya sekondari waliokuwa wakijiandaa kutoa gazeti la shule lenye mada ya "Jamii Yetu".)



Nimeombwa nizungumze juu ya kuchangia gazeti la shule, na nimeambiwa kwamba toleo hili litahusu jamii. Mada ni nzuri, lakini ina hatari yake, nayo ni kwamba kila mtu huidhani kuwa rahisi. Mwanafunzi akiambiwa aandike juu ya jamii, mara huandika kwamba umoja ni nguvu na utengano ni udhaifu, kwamba yatupasa kupendana na kusaidiana, kisha hutia nukta na kukabidhi karatasi. Hakusema uongo, lakini pia hakutuambia lolote. Maneno hayo yangeweza kuandikwa na mtu ambaye hajapata kuishi na jirani hata siku moja.

Hebu tulitazame neno lenyewe. Jamii, jumuiya, jamaa, ujamaa, hata Ijumaa, ni maneno ya shina moja la Kiarabu lenye maana ya kukusanya. Basi jamii ni watu waliokusanyika, na waliokusanyika huweza kutawanyika. Hapana budi kila siku pawe na kitu cha kuwaunganisha. Ninalotaka kusema leo ni kwamba gazeti la shule ni mojawapo ya vitu hivyo, iwapo tu litasimulia mambo kama yalivyo.

Wazo hili si geni katika lugha yetu. Gazeti la Kiswahili lililo miongoni mwa ya kwanza kabisa lilikuwa gazeti la shule. Liliitwa Msimulizi, nalo lilianza kutolewa mwaka 1888 katika chuo cha Mtakatifu Andrea, Kiungani, Unguja, kilichokuwa cha misheni ya UMCA. Chuo hicho ndicho kilichohamia bara baadaye, kikawa Minaki. Wengi wa vijana wa Kiungani wa miaka ile walikuwa watoto waliookolewa katika majahazi ya watumwa. Walikuwa Wayao, Wamakua, na wengine wa pande za Ziwa Nyasa, walionyang'anywa wazazi, vijiji, na mara nyingine hata majina yao. Kama kulikuwa na watu waliojua maana ya kuipoteza jamii, ni wao.

Mwaka 1887 mwalimu wao mmoja, A. C. Madan, alitoa kitabu kilichokusanya masimulizi ya vijana hao, akiwa ameyatia katika Kiingereza. Walieleza jinsi walivyotekwa, njia walizopita, na mikono waliyouziwa. Mwaka uliofuata Msimulizi likaanza. Wanafunzi waliomaliza masomo walikuwa wametawanyika kufundisha katika vituo vya bara, kama vile Magila, Masasi na Newala. Kutoka huko walileta habari, na wenzao wa Kiungani wakapeleka za kwao. Watu waliotawanywa na biashara ya utumwa wakaanza kukusanywa upya kwa karatasi na wino. Hawakuandika insha juu ya faida za umoja. Walipashana habari, na kwa kupashana habari wakawa jamaa.

Mfano wa pili ni wa karibu zaidi. Mwezi wa Novemba 1969, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa toleo la kwanza la gazeti lao lililoitwa Cheche. Lilikuwa gazeti la kurudufiwa kwa stensili, lisilo na fahari ya macho. Mwaka 1970 lilichapa makala ndefu ya Issa Shivji, aliyekuwa bado kijana, iliyouliza ni nani hasa waliokuwa wakifaidi matunda ya uchumi wa nchi. Mwaka huohuo gazeti likapigwa marufuku. Lakini hoja zilizokuwa ndani yake hazikufa. Zilijadiliwa madarasani kwa miaka mingi, na baadhi ya waliolitoa wakaja kuandika kitabu kizima cha kumbukumbu zake. Mtu anaweza kukubaliana nao au kuwapinga. Lakini hata anayewapinga hubishana na jambo lililosemwa wazi, wala hapigani na hewa.

Sasa nawageukia ninyi, ndugu wanafunzi. Kwanza, andikeni mliyoyaona au kuyauliza wenyewe. Usiandike "maji ni tatizo katika jamii yetu". Andika kisima kiko wapi, kinakauka mwezi gani, akina mama hutoka saa ngapi kwenda kuteka, na kamati ya maji ilikutana lini mara ya mwisho. Nenda kamuulize mwenyekiti wa kamati, kisha andika na maneno yake, maana mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Pili, mwandikieni mtu asiyekuwapo. Walimu wa Magila hawakuweza kujua ya Kiungani mpaka waandikiwe. Nanyi fikirini ndugu aliyehamia mjini, au mwanafunzi atakayeketi kwenye dawati lako baada ya miaka 20. Ukimfikiria huyo, utaeleza mambo ambayo kwa wenyeji hayana haja ya kuelezwa: harusi hupangwa vipi, nani huchimba kaburi, mgeni hupokewa na nani.

Tatu, gazeti lisiachiwe wenye alama za juu katika insha. Asiyejua kupanga maneno huenda akajua bei ya mahindi kwa miezi mitatu iliyopita, au akajua kuchora ramani ya kata. Mwingine bibi yake ana hadithi ambazo hazijaandikwa popote. Haba na haba hujaza kibaba.

Na ninyi, ndugu walimu, kwenu nina ombi moja, nalo ndilo kiini cha mazungumzo haya. Mwanafunzi akileta habari ya choo cha shule kilichobomoka, sahihisheni ngeli na vituo vyake. Mwulizeni amejuaje. Kama amemsingizia mtu, mrudishieni akachunguze upya. Lakini kama ni kweli, msiifute kwa kuogopa kwamba mgeni rasmi ataisoma. Mkiifuta, choo hakitajengwa, na mwanafunzi atakuwa amejifunza somo ambalo halimo katika muhtasari wowote, yaani kwamba kalamu ni chombo cha kumfurahisha mkubwa.

Somo hilo haliishii shuleni. Mwanafunzi huyo ndiye bwana shamba wa kesho, mganga wa zahanati, mhasibu wa halmashauri na mwalimu wa watoto wetu. Siku moja atatakiwa kuandika taarifa. Mazao yatakuwa yameliwa na panya, naye ataandika kwamba hali ya chakula ni ya kuridhisha. Dawa zitakuwa zimekwisha, naye ataandika kwamba huduma zinaendelea vizuri. Mkubwa wake ataamini, atapeleka juu, na msaada hautafika. Tunapolalamika juu ya taarifa za namna hiyo maofisini, tukumbuke kwamba mazoezi yake yalianza mapema, pengine katika gazeti la shule.

Siku hizi yapo makundi ya simu, na habari hufika kabla mtu hajamaliza kunywa chai. Wengine watauliza gazeti la nini tena. Jibu langu ni kwamba habari ya simu hupita, na mara nyingi hakuna aliyeulizwa ameijuaje. Gazeti lina mhariri anayeuliza, lina jina la mwandishi chini ya habari, na nakala yake hubaki katika maktaba. Anayetia jina lake hujifunza kuwajibika kwa neno lake, na hiyo ni sehemu kubwa ya kuishi na watu.

Ndugu zangu, basi kila mmoja wenu alete jambo moja la kweli kutoka kwao, alilolichunguza mwenyewe, hata kama ni la aya mbili tu. Mkiyaweka pamoja mtakuwa mmetoa gazeti juu ya jamii, na mtakuwa mmefanya kazi ya jamii yenyewe.