Maandalizi ya Usaili wa Mhandisi Yaanzie Karakanani



Kila inapotangazwa nafasi ya kazi ya mhandisi mitambo, hujitokeza vijana wengi kuliko nafasi zilizopo. Wote huja na vyeti, na wengi wao wana alama nzuri. Hata hivyo wapo wanaotoka katika chumba cha usaili wakiwa wameshindwa maswali ambayo, kwa ushahidi wa vyeti vyao, walikwisha kuyajibu vyuoni miaka michache tu iliyopita. Jambo hili lisichukuliwe kuwa ni bahati mbaya ya kijana mmoja mmoja. Anayesailiwa leo ndiye atakayekabidhiwa kesho pampu ya maji ya mji, jenereta ya hospitali, boila ya kiwanda au injini ya kivuko. Akikosea huko, hasara haitaishia kwake.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza namna kijana anavyopaswa kujiandaa kwa usaili wa aina hiyo, na kuonyesha kwamba maandalizi hayo si wajibu wake peke yake. Mwalimu anayemfundisha ana sehemu yake, na mtumishi anayeketi katika jopo la usaili ana sehemu yake vile vile.

Usaili hupima nini

Nchini Tanzania, nafasi nyingi za utumishi wa umma hujazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, chombo kilichowekwa na Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2002 kama ilivyorekebishwa mwaka 2007. Msailiwa aweza kupitishwa katika mtihani wa kuandika, mtihani wa vitendo na mahojiano ya ana kwa ana. Mashirika na viwanda vya watu binafsi vina taratibu zao, lakini lengo ni lile lile: kujua kama mtu huyu anaelewa namna mitambo inavyofanya kazi, au anakumbuka tu maneno yaliyoandikwa juu yake.

Tofauti baina ya kuelewa na kukumbuka huonekana upesi. Jopo laweza kuuliza hivi: Pampu iliyowekwa juu ya kisima mjini Dar es Salaam huvuta maji vizuri kutoka kina cha mita 7. Pampu hiyo hiyo inahamishiwa Mbeya, inawekwa juu ya kisima chenye kina kile kile, na sasa inavuta kwa shida, tena inatoa sauti kama ya changarawe. Kuna nini?

Kijana aliyekariri ataanza kutafuta fomula. Kijana aliyeelewa ataanza na ukweli kwamba pampu haiyavuti maji kama mtu avutavyo kamba. Hupunguza mgandamizo ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Katika usawa wa bahari, hewa yaweza kusimamisha nguzo ya maji yenye urefu wa takriban mita 10.3. Mbeya iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko mgandamizo wa hewa ni mdogo, na nguzo hiyo hushuka hadi kiasi cha mita 8.4. Ukiondoa nguvu inayopotea kwa msuguano wa bomba, na ukiondoa mgandamizo unaohitajika ili maji yasigeuke mvuke ndani ya pampu, kinachobaki hakifiki mita 7. Sauti ya changarawe ni sauti ya mapovu ya mvuke yanayojifinya ghafla juu ya mapanga ya pampu, nayo yakiachwa yataendelea kuyala mapanga hayo mpaka pampu iharibike. Dawa yake ni kuishusha pampu karibu na maji, au kutumia pampu ya kuzamishwa.

Msingi wa jibu hilo hufundishwa katika fizikia ya sekondari. Kijana hakushindwa kwa kukosa elimu ya juu. Alishindwa kwa kuwa elimu ya chini haikuunganishwa na bomba lolote aliloliona kwa macho yake.

Mambo ya kujiandaa nayo

Kwanza, msailiwa aijue kazi anayoiomba. Tangazo la kazi si karatasi ya kunakili anwani tu. Anayeomba kazi katika mamlaka ya maji asome habari za pampu, valvu na mabomba. Anayeomba kazi katika uzalishaji wa umeme ajue, kwa mfano, kwamba Bwawa la Julius Nyerere katika mto Rufiji limejengwa kwa turbaini 9 za megawati 235 kila moja, jumla megawati 2,115. Tena aweze kueleza kwa nini uwezo wa turbaini hutegemea wingi wa maji pamoja na kimo yanakotoka. Anayeomba kazi ya kiwanda cha kusindika chakula ajue mvuke, majokofu na usafi wa mitambo.

Pili, arudi katika misingi. Mambo yanayoulizwa sana si mengi: kani na namna chuma kinavyotaabika chini yake, joto na injini, mwendo wa maji na hewa, gia, mikanda na beringi, tabia za metali, usomaji wa michoro, upimaji, na usalama. Katika kila moja ajiulize swali la "kwa nini". Kwa nini injini ya dizeli haina plagi? Kwa sababu hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka ikapata joto la kuyawasha mafuta yenyewe. Kwa nini boila haiwezi kuruhusiwa kufanya kazi bila valvu ya usalama? Kwa sababu maji yaliyomo yana joto kubwa chini ya mgandamizo, na chombo kikipasuka sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, na mvuke huo hutaka nafasi zaidi ya mara elfu moja ya ile ya maji.

Tatu, azoee kukadiria. Jopo likiuliza ni mota ya ukubwa gani itakayoinua lita 20 za maji kwa sekunde hadi kimo cha mita 30, lisijibiwe kwa kuomba kikokotoo. Lita 20 ni kilo 20. Kila kilo huhitaji takriban nyutoni 10. Zidisha kwa mita 30, jibu ni wati 6,000. Pampu ikiwa na ufanisi wa asilimia 60, inahitajika kilowati 10, kwa hiyo ichukuliwe mota ya kilowati 11, ambayo ndiyo inayopatikana madukani. Kijana anayehesabu hivyo kwa sauti, hatua kwa hatua, ameonyesha mengi kuliko aliyetoa jibu lenye tarakimu nne baada ya alama ya desimali.

Nne, azoee kukisoma kitu kilichovunjika. Swali zuri kuliko mengi ni lile la kuweka mezani kipande cha ekseli iliyokatika na kumwambia msailiwa aeleze kilichotokea. Aliyepita karakanani ataona kwamba uso wa mkato una sehemu mbili. Moja ni laini, yenye mistari kama ile inayoachwa na bahari mchangani wakati wa maji kupwa. Nyingine ni ya kukwaruza. Sehemu laini hueleza kwamba ufa ulianza kidogo, pengine kwenye kona kali ya mfereji wa kabari, ukatambaa kidogo kidogo kwa siku nyingi. Sehemu ya kukwaruza ni ile iliyobaki, ikazidiwa, ikakatika ghafla. Hivyo ndivyo chuma kinavyochoka. August Wöhler, mhandisi wa reli nchini Prussia, alilichunguza jambo hilo katika miaka ya 1850 na 1860, baada ya ekseli za mabehewa kukatika zikibeba uzito ambao zilipaswa kuumudu. Fundi asiyejua haya atalaumu dereva au kiwanda kilichouza ekseli, atafunga ekseli mpya yenye kona kali ile ile, na baada ya miezi michache itakatika tena.

Tano, aweze kuitetea kila sentensi aliyoiandika katika maelezo yake binafsi. Akiandika kwamba alishiriki ukarabati wa mashine, aeleze ni mashine gani, ilikuwa na ubaya gani, yeye alifanya nini kwa mikono yake na wenzake walifanya nini. Jopo makini haliangalii ukubwa wa kazi. Kijana aliyebadilisha mkanda na beringi za mashine ya kusaga nafaka kijijini kwao, na akajua kwa nini ziliharibika, ana la kusema kuliko aliyesimama pembeni akitazama mradi mkubwa.

Ujasiri wa kusema kweli

Lipo jambo la sita, nalo ni la tabia. Msailiwa asiyejua aseme hajui, kisha aonyeshe angeanzia wapi kutafuta. Wengi huona neno "sijui" kuwa ni aibu, wakalifunika kwa maneno mengi. Katika kazi nyingine maneno mengi yaweza kumpitisha mtu. Mtambo haudanganyiki.

Na mhandisi anayejua anapaswa kuweza kulisema analolijua hata mbele ya wakubwa. Mfano mchungu ni ule wa chombo cha anga cha Marekani, Challenger. Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa kampuni iliyotengeneza roketi zake za pembeni walishauri kisirushwe, kwa kuhofia kwamba baridi ingezifanya pete za mpira zinazoziba maungio zishindwe kufanya kazi. Wakubwa wao hatimaye waliuweka kando ushauri huo. Kesho yake chombo kilirushwa, na kabla ya sekunde 80 kupita watu wote 7 waliokuwamo walikuwa wamepatwa na maafa. Kasoro ilikuwa katika pete ya mpira, tena ilikuwa imekwisha kutajwa. Kwa hiyo jopo linapompima kijana, lisipime elimu tu. Lipime pia kama anaweza kueleza hatari kwa lugha nyepesi, na kushikilia hoja yake kwa adabu anapobanwa.

Wajibu wa walimu

Ndugu Walimu, maandalizi yaliyotajwa hayawezi kufanyika katika wiki mbili kabla ya usaili. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere Machi 1967, ilikwisha kuonya juu ya elimu ya vitabu inayomtenga mwanafunzi na kazi. Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1973, kilifanya mafunzo ya vitendo viwandani kuwa sehemu ya masomo. Msingi huo ulikuwa sahihi na ungali sahihi. Lakini mwanafunzi anayepelekwa kiwandani akamaliza wiki zake kwa kupanga majalada na kutumwa dukani, hakufunzwa. Kiwanda kimemnyima haki yake, na chuo kisichofuatilia kimekubali anyimwe.

Yapo yanayowezekana bila fedha nyingi. Beringi iliyoungua, gia iliyong'oka meno na pistoni iliyotoboka hutupwa kila siku katika gereji za halmashauri na za mitaani. Vitu hivyo vikiletwa darasani ni vitabu vya bure. Mwanafunzi asimame, akishike kitu, achore ubaoni, aeleze mbele ya wenzake kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Wapo vijana wanaojua jambo lakini wanakwama kwa kuwa hawakuwahi kulisema kwa kinywa. Walilijua kwa kalamu ya mtihani tu. Mazoezi ya kusema ni sehemu ya ufundi.

Wajibu wa majopo

Ndugu Watumishi, msailiwa aliyejiandaa vyema aweza kuangushwa na jopo lisilojiandaa. Jopo liwe na mtu anayeijua kazi yenyewe. Maswali yatokane na mitambo atakayoihudumia kijana, wala yasiwe mafumbo ya kuonyesha ujuzi wa muulizaji. Wasailiwa wote wa nafasi moja waulizwe kwa kipimo kimoja, na alama ziandikwe kabla ya mjadala. Pasiwepo nafasi ya kujuana, undugu wala rushwa. Anayempitisha jamaa yake asiyefaa katika nafasi ya uhandisi hajampa ulaji tu. Amewaweka chini ya mikono yake abiria na wagonjwa ambao hawakuulizwa.

Inafaa pia ikumbukwe kwamba mhitimu si mhandisi aliyekamilika. Ndiyo maana Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyowekwa na Sheria ya mwaka 1997, hutofautisha mhandisi mhitimu na mhandisi mtaalamu, na hudai uzoefu wa kazi chini ya uangalizi. Jopo linalomtaka mhitimu ajue yote linakosea. Linalopaswa kutafuta ni msingi imara, mikono isiyoogopa grisi na ulimi unaosema kweli.

Ndugu Mwenyekiti, nchi hii imewekeza fedha nyingi katika mabwawa, reli, vivuko na viwanda. Fedha hizo zitalindwa, au zitapotea, kwa kutegemea watu wanaochaguliwa katika vyumba vidogo vya usaili. Kijana atimize wajibu wake kwa kusoma na kushika spana. Mwalimu atimize wake kwa kufundisha kwa vitu. Mtumishi atimize wake kwa kuchagua kwa haki. Kazi hiyo ianze kabla ya tangazo lijalo.